Damu ya Pua ya Kwetu

Temeke, 4 Machi 1953

Mama yangu Tekla,

Shikamoo. Hamjambo huko Bukoba? Maandalizi ya harusi ya mdogo wangu Demetria yanakwendaje? Mie hali si njema. Nakohoa damu, midomo imekuwa ya buluu, nikisimama pumzi zinakatika, nikilala napata nafuu. Wenzangu wa nyumba wamenitengea kikombe. Wanasema ni kifua kikuu. Makohozi yamepimwa mara tatu, hayana kitu, lakini mwisho wa Aprili nitapelekwa kambini kwa wagonjwa wa kifua.

Daktari mmoja tu anabisha. Aliposikiliza mgongo wangu alisikia damu ikivuma. Akauliza, "Kwenu wapo wanaotokwa damu puani?" Nikajibu hapana, kama ulivyotufundisha. Mama, nieleze baba alikufaje. Najua barua zako huandikwa na Katekista Kornelio, na mchumba wa Demetria ni mpwa wake. Bado nakuomba.

Mwanao, Adelard


Bukoba, 9 Aprili 1953

Mwanangu Adelard,

Salamu nyingi. Nisamehe kwa ukimya. Nilitafuta mwandishi mwingine, nikakosa, na siku zinakwisha. Leo nimemkalisha Kornelio, nimemwambia asipunguze neno.

Baba yako hakulogwa kama tulivyowaambia. Alitokwa damu puani tangu utoto, akaja kukohoa damu, akafa. Babu yako vilevile. Demetria naye hutokwa. Tulificha ili mabinti waolewe. Hapa Kornelio ameweka kalamu chini, nimemwambia aishike. Mpe daktari barua hii.

Mama yako, Tekla


Temeke, 24 Aprili 1953

Mama,

Shikamoo, na asante. Daktari ameisoma barua mara mbili, kisha akaiangalia upya picha ya kifua. Pafuni mishipa miwili imeungana pasipotakiwa, damu inapita bila kuchukua hewa. Si kifua kikuu. Kambini siendi, Juni nitapasuliwa Nairobi. Naogopa, lakini nitakwenda. Anataka na Demetria apimwe.

Mwanao, Adelard


Bukoba, 11 Mei 1953

Mwanangu,

Pole kwa maradhi. Sisi tu wazima. Kwa mchumba wamesikia, posa imerudishwa. Demetria alilia siku mbili, nami nililia naye. Jana amepanda meli ya Mwanza, kisha atachukua treni hadi kwako. Kornelio mwenyewe alimbebea mzigo hadi gatini. Daktari akimuuliza habari za kwetu, ataanza na babu yenu, wala hatamruka mtu.

Mama yako, Tekla