Daftari la Mlangoni

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipofunga geti ukatuacha huku nje.

Ulilinda geti la kiwanda miaka thelathini na miwili, na ulipostaafu ukahamishia kazi nyumbani. Daftari la wageni ukalifunga kamba kando ya mlango: jina, saa ya kuingia, sababu ya ziara, saa ya kutoka. Hata shangazi, dada yako wa tumbo moja, alijiandikisha. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Kisha Mama akapata kiharusi. Hospitali ikamrudisha hawezi hata kujigeuza kitandani. Kikundi cha kujitolea kikamleta binti wa kumwogesha na kumgeuza, Jumanne na Ijumaa, bila malipo. Hilo la bila malipo ndilo lililokukosesha raha.

"Mkono mtupu haulambwi," ulisema. "Huyu analamba nini humu?"

Ukamkagua mkoba akiingia, ukamkagua akitoka. Yeye aliandika sababu ileile kila siku: Kumgeuza Mama. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, ukaandika: Anataka nini?

Na sisi tukakutia maneno kwenye simu. "Baba, ficha hati ya nyumba!" Kaka mkubwa akawapigia viongozi wao, akawaambia wasimlete tena. Wiki mbili hakuja. Mama akatoka kidonda mgongoni kwa kulala chali muda wote, maana wewe mikono ilikuwa imekwisha nguvu, na sisi tulikuwa na kazi.

Ukavaa koti lako la ulinzi, ukaenda kwa miguu hadi ofisini kwao. Binti ndiye aliyetusimulia. Ulisimama mlangoni, ukaomba daftari la wageni.

"Hatuna, mzee. Ingia tu."

"Mnaishije hivi?" ukashangaa. Ukavua kofia. "Haya, andikeni popote. Sababu ya ziara: naomba mtu wa kumgeuza mke wangu."

Binti alirudi Ijumaa ya wiki hiyohiyo. Kidonda kikapona, ukakiona kimefunga kabla hujaondoka.

Tulipokuzika tukalifungua daftari. Kaka mkubwa: mara mbili kwa mwaka mzima. Sababu: kusalimia. Dakika ishirini na tano. Sisi wengine tusiseme. Kwenye jalada la nyuma ulikuwa umeandika, kama kule kiwandani, "Wasioandikishwa", yaani wanaopita bila kujiandikisha. Chini yake mistari miwili tu. Mama wa nyumba hii. Yule binti (mkoba ukaguliwe).

Sisi hatumo, Baba. Tulitafuta mara mbili.

Anakukumbuka mkeo, ambaye sasa mgongo wake ni mzima. Anakukumbuka binti, ambaye bado anafungua mkoba mlangoni bila kuambiwa. Anakukumbuka shangazi. Na tunakukumbuka sisi wanao watatu, tunaokuja kwa zamu kila wiki na kujiandikisha: Kumgeuza Mama.

Hutatutoka moyoni daima, ingawa tunajua ungechukua kalamu nyekundu ukaandika: Wanataka nini?