Baba Katika Shamba la Mtani

Ifakara,
20 Mei 1956

Mpendwa mdogo wangu Apolinari,

Pokea salamu nyingi za nyumbani, na kwanza za baba, ambaye ameniagiza nikuulize kama kifua kimepona, na kama huko Dar es Salaam bado mnabanana chumba kimoja na wenzako. Sisi huku hatujambo. Mvua zimekuwa nyingi, mto umepanda, na huko Michenga watu wanakwenda mashambani kwa mitumbwi. Mimi dada yako bado sijaolewa, kwa hiyo usijisumbue kuuliza.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa Fransisko, dereva wa lori. Niliisoma peke yangu, baba nikamsomea salamu tu. Umeandika kwa hasira kwamba watu wa kwetu wanakucheka huko bandarini, wakisema baba yako, aliyepasua mbao Mang'ula tangu ujana wake, leo ni mtumwa wa Mngoni. Unasema unakusanya pesa za kumkomboa. Kabla hujatuma, nisikilize, maana waliokueleza wametia chumvi.

Ni kweli gogo lilimwangukia baba mguuni mwezi wa Novemba. Unaujua utaratibu wa ile kampuni ya mbao: mfanyakazi akiumia anapewa cheti, anakwenda kwa yule daktari mwenye nyumba ya wagonjwa karibu na soko, anatibiwa, kisha kampuni inamlipa daktari. Baba alikuwa akikitunza cheti chake ndani ya kitabu cha sala. Tulipofika, mguu umevimba na unanuka, karani wa dirishani alikitazama cheti akasema daktari ameacha kupokea vyeti vya kampuni hiyo, kwa sababu haijamlipa tangu kiangazi. Anayetaka sindano alipe taslimu au alete mdhamini. Baba akasema cheti kina mhuri. Karani akajibu kwamba mhuri anauona. Baba akarudia tena habari ya mhuri, nami nikaona aibu. Halafu daktari mwenyewe akapita, akaubonyeza mguu, akasema tukichelewa hadi Jumapili itabidi aukate. Aibu ikaniisha, nikabaki na hofu.

Hapo ndipo alipoingia Pantaleo, yule Mngoni anayeuza samaki wakavu kwa baiskeli. Alipomwona baba akaanza utani kama kawaida yao. Alisema Wapogoro ni mateka wa babu zake, kwa hiyo mzee huyu ni mali yake, na mali yake haiwezi kuozea kwenye baraza la mtu. Akamwamuru karani aandike gharama zote juu yake. Mzee akipona atamlimia shamba mpaka ajute kuzaliwa Mpogoro. Baraza zima likacheka, na baba naye akacheka na mguu wake ule. Lakini karani alikuwa mgeni, ametoka Bukoba na hajamaliza hata mwezi, wala hajui Mngoni na Mpogoro wanavyotaniana. Akaandika. Akamsogezea Pantaleo karatasi atie sahihi, na Pantaleo, kicheko hakijamtoka mdomoni, akatia.

Baba akalazwa, akadungwa sindano. Hesabu ilipotoka tulimwambia Pantaleo aende akaeleze kwamba yale yalikuwa maneno ya utani. Alikataa. Alisema akirudi nyuma Wapogoro wote watapata la kusema, na yeye hawezi kuwapa raha hiyo. Akauza baiskeli, akalipa, akaanza kubeba samaki kichwani kutoka kivukoni. Nilimhurumia, na huruma yenyewe ikaniudhi.

Mguu ulipona, ila haukunjiki tena. Kampuni ikamwambia baba hana kazi. Akakaa ndani mwezi mzima, hasemi, hanyoi, chakula anakigusa tu. Apolinari, niliogopa kuliko siku ya gogo. Ndipo asubuhi moja Pantaleo aliposimama mlangoni akifoka kwamba mtumwa wake ametoroka na magugu yanammalizia mpunga. Baba akainuka akatafuta jembe.

Hivyo ndivyo alivyoanza kwenda Katindiuka, kwenye shamba la Pantaleo. Alipalilia akiwa ameketi kwenye kigoda, anakisogeza mbele kidogo kidogo. Sasa mpunga umezaa, na yeye yuko juu ya dungu anafukuza ndege. Ngazi anaipanda kwa nguvu za mikono, na huko juu anamtukana Pantaleo na ukoo wake kutwa nzima. Jioni akirudi, anakula.

Sasa nikuambie ambalo hao wacheshi wako hawalijui. Mwezi wa Machi kampuni ilimlipa daktari malimbikizo yake yote, na daktari akamwita Pantaleo akamrudishia pesa zake. Pantaleo alinikuta natwanga, akaniuliza tufanyeje, kwa kuwa baba hadaiwi kitu tena. Tukakubaliana tusimwambie. Baiskeli amekwisha kuikomboa, lakini kila akija kwetu anaiacha kwa jirani, anajitwika kapu, anaingia uani akihema kama mtu aliyechoka. Uongo huu nimeupeleka kwenye kitubio. Padri akanipa malipizi madogo.

Kwa hiyo pesa zako kaa nazo. Ukimkomboa baba, atarudi ndani. Wakikucheka bandarini, cheka nao.

Jana usiku aliniuliza kama deni lake bado ni kubwa. Nikamwambia bado kubwa sana. Akasema afadhali, akaniomba nimwamshe mapema.

Pantaleo anakusalimu, na anasema mtoto wa mtumwa wake ajihadhari na maji ya bahari. Ukijibu, mambo yetu haya yaandike kwenye karatasi ya peke yake, kwa sababu baba hakuridhika na salamu tu, siku hizi anataka nimsomee kila neno. Mungu akulinde kazini.

Ni mimi dada yako,
Tekla Dionisi