Kiapo cha Baba Mdogo

Baba,

Shikamoo, japo hakuna wa kuniitikia marahaba. Nimeshinda kesi, na nyumba ya Magomeni nimeiuza. Ngoja nikueleze, maana hata mwenyewe nikisimulia naona kama naropoka.

Unakumbuka ulivyokuwa ukisema, "Haja haina fungu, mwanangu"? Ndiyo maana fremu za Mikindani na mikorosho ya Naliendele hukutugawia. Uliviweka amana, Baba mdogo awe mdhamini, ampe yeyote kati yetu mwenye shida, kwa kadiri atakavyoona yeye. Asipoona haja, asitoe.

Basi Bakari aliponipa talaka, wakili wake akaleta mthamini. Akapima fremu, akahesabu mikorosho, akagawanya kwa sisi wanao watatu. Eti fungu langu ni utajiri, kwa hiyo nyumba ya Magomeni tuliyojenga pamoja aichukue Bakari. Fungu! Lipi, Baba?

Baba mdogo akaitwa mahakamani. Ingetosha aseme uamuzi ni wake. Lakini unamjua nduguyo. Akashika msahafu: "Wallahi, huyu simpi hata korosho moja." Hakimu akaamua fungu langu halina thamani, nyumba nikaachiwa mimi. Tulipotoka nikambusu mkono kwa furaha, mjinga mimi.

Kisha figo zikagoma. Kusafishwa damu, Baba, ni shimo lisilojaa. Nikamwendea Baba mdogo anipe ya matibabu. Akalia mbele yangu, mzee mzima, machozi mpaka kwenye kanzu. "Nimeshaapa, mwanangu." Nikamwambia kiapo kina kafara, lisha maskini kumi yaishe. Akasema akivunja atakuwa amemdanganya hakimu, tena kwa msahafu. Hasira zikanipanda: maskini kumi wa nini, na mmoja huyu hapa mbele yako!

Ndiyo nyumba ikaenda, ile ile niliyoipigania. Nimepanga chumba uani kwa watu. Kodi ya fremu zako inaingia kila mwezi, Baba mdogo anaitunza yote, hali hata senti. Ijumaa huniletea wali wa nazi kwa hela ya mfukoni mwake, anakaa kizingitini mpaka nimalize. Nami nakula.

Namwonea huruma, na siku nyingine namchukia. Ila nakuahidi, Baba, sitakufa nimemnunia.

Pumzika. Nikija huko, usiniulize nilipewa kiasi gani.

Mwanao,
Saida