Mikono ya Kuniosha

Brooklyn Park

Kwa mdogo wangu Nasima,

Amani na rehema zikufikie hapo Frogtown, wewe na mwanao Munir. Goti lako limepoa? Mimi moyo umechoka na pumzi ni fupi. Sumayya, binti yangu, hunishika mkono ngazini kama mtoto. Namshukuru Mungu. Nakuandikia kwa sababu kila ukija ulimi hufungika.

Nikupe habari za rafiki yangu Oksun, Mkorea, rika letu. Tulijuana hospitali ya ngozi, tukingoja zamu ya kuingia kwenye kabati la taa za kutibu ngozi. Ana soriasis: mabaka mekundu yenye magamba meupe, kichwani, viwikoni na magotini. Ugonjwa huo ulimwanza usichanani baada ya kuumwa koo, na kwao hakuna mwingine mwenye nao. Kiangazi hupoa, theluji ikianguka huwaka. Daktari amemhakikishia kwamba hauambukizi. Mwenyewe hucheka, husema magamba yake yangetosha kumvisha samaki mzima.

Kwao wanawake huoga pamoja katika bafu la umma, wakisuguana migongo. Yeye aliacha tangu ujana kwa kuogopa macho ya watu. Mwaka jana alipokwenda kwao, akaingia. Asema mwanamke asiyemjua aliyatazama mabaka yake, akampa kitambaa cha kusugulia, kisha akamgeuzia mgongo. Oksun akamsugua huku analia. Sijaona mtu jasiri kama yeye.

Lakini Nasima, hujaniuliza mimi nilifuata nini hospitali ya ngozi.

Ugonjwa wa Oksun ndio wangu, tangu kabla sijaolewa. Ndiyo maana niliikataa singo uliyonitwangia ya kunisugua siku za harusi yangu, nikasingizia homa. Ndiyo maana niliusia nikifa nioshwe na wanawake wa msikitini nisiowajua, nawe ukaniuliza kwa hasira, “Tangu lini mimi nimekuwa mtoto wa jirani?” Wageni wangeniona mara moja, wakaenda zao. Wewe ndiye niliyekuonea haya.

Nimemwambia Sumayya usia ule nimeufuta. Siku ikifika, unioshe wewe. Magotini upite taratibu, ingawa najua sitasikia.

Nibusie Munir, na unifikirie kwa wema.

Dadako akupendaye,
Umi