Kibandiko cha Fleti Namba Tisa

Dada yangu, mama yangu wa pili,

Salamu kwanza, habari baadaye. Hivyo ndivyo ulivyonifundisha, usije ukasema sikushika kitu. Hujambo? Shemeji hajambo? Wapwa zangu wanakula, au yule mdogo bado anaficha mboga chini ya sahani? Na mgongo wako, huo wa kuinamia cherehani kutwa, umepoa? Mimi ni mzima, nimenenepa kidogo mashavu, na uzuri wangu unaujua, sina haja ya kuutangaza.

Nakuandikia kwa kalamu ya ofisi. Yule mwalimu wa hesabu aliyesema nitaishia kuchunga vivuli, mwambie aje anione: shati jeupe, beji kifuani, nawauzia watu wenye digrii mbili mbili fleti zilizokuwa kiwanda cha nyuzi. Dari ziko juu kiasi kwamba twiga angeweza kupanga humo. Matofali hayana plasta, mabomba yako nje nje. Wewe ungesema fundi alikimbia kazi. Mimi nawaambia ndiyo mtindo, na wanalipa zaidi kwa sababu ya matofali hayohayo.

Mwaka jana hatukuwa tunauza, tulikuwa tunapanga foleni ya wanunuzi. Bei ilipanda kila mwezi, na mteja aliyesema anakwenda kufikiri alirudi akakuta kufikiri kwake kumempandishia bei. Halafu benki zikapandisha riba, ng'ambo ya barabara likaota jengo refu kuliko letu, na simu ya ofisi ikawa bubu. Bosi wetu tunamwita Viatu, kwa jinsi anavyovifuta kwa leso kila anapotaka kusema uongo. Viatu alikataa katakata kushusha bei ya ubaoni. Alisema tukiishusha, walionunua mwaka jana watatujia na marungu. Basi bei ikakaa palepale, ila mnunuzi ananong'onezwa jokofu la bure, na akisitasita, anaongezewa maegesho ya gari.

Tena kuna vibandiko. Ukutani pana ramani ya jengo zima, kila fleti na kisanduku chake, na iliyouzwa hubandikwa kidoa chekundu. Viatu alinipa karatasi nzima ya vidoa, akaniambia nibandike hata kwenye zile ambazo hazijauzwa, maana mteja akiona nyeupe nyingi anaanza kuvuta bei chini, akiona wekundu anatafuta kalamu. Dada, nilibandika kwa ufundi! Sikujaza safu moja kama mjinga. Niliruka hapa, nikaacha pale, ramani ikawa kama uso wa mtoto mwenye tetekuwanga. Viatu alicheka mpaka akakaa chini. Akasema shule ndiyo iliyonikosa, si mimi niliyeikosa. Kilemba cha ukoka hicho, nami nikakivaa nikatembea nacho mji mzima.

Siku hiyohiyo akabandika kimoja kwa mkono wake mwenyewe, juu ya namba tisa, akasema hiyo ni yangu. Nikimmalizia fleti ishirini zilizobaki, ataniandikia namba tisa kwa bei ya zamani, nilipe kidogo kidogo. Nikaulizia karatasi. Akanishika bega na kuniuliza tangu lini ndugu wakaandikiana. Ndiyo hiyo fleti niliyokuambia mje tuishi wote.

Nimeshauza kumi na nane. Jumanne akaja daktari wa meno, mama mpole, ametazama fleti nne na kukunja uso mara nne. Viatu akaniagiza nimpandishe namba tisa, kama mfano tu, aone jua linavyoingia, kisha nimshushe kwenye namba tatu inayotazama ukuta. Nikampandisha. Nikamwonyesha lile dirisha la pili nililokusimulia, na jinsi jua la saa tatu linavyofika hadi jikoni. Nikamwambia hapa pangekaa cherehani, nimepima kwa hatua, na fundi asingewasha taa hadi jioni. Nikamwonyesha pembe ambayo mtoto angelala asiisikie lifti. Akaniuliza nimeyajuaje yote hayo. Nikasema yupo mtu anayeipenda nyumba hii. Akaweka kiganja kwenye matofali. Hapo ndipo nilipopaswa kuogopa, lakini nilikuwa nikijisifu moyoni kwamba sijawahi kuongea vizuri vile.

Alhamisi nikakuta mkataba mezani: namba tisa, sahihi zote zipo. Nikadhani karani kakosea. Viatu wala hakuigusa leso yake. Alisema soko limegeuka, mteja wa fedha taslimu haachwi ngazini. Nikamkumbusha kibandiko. Akacheka, tena bila ubaya, na hilo ndilo linaloniuma. Akaniuliza mimi niliyevibandika vile vyote, nilidhani kile kimoja kilikuwa na gundi tofauti? Karani akainamia makaratasi yake. Mkuki kwa nguruwe, dada, malizia mwenyewe. Nilimwita majina ambayo mama angeyasikia angenizaba kofi. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama Jumatatu nitawahi, kuna wateja wa saa mbili.

Sasa lile kubwa, nililolizungushia maneno yote haya. Uliponiuliza kama nimeiona hati kwa macho yangu, nilikujibu nimeiona, ina mhuri. Sikuiona. Haikuwepo. Niliona kidoa chekundu, na nikaona haya kukuambia kwamba mdogo wako anayejua kila kitu hana hata karatasi moja. Kwa neno langu umempa mwenye nyumba notisi, umewaaga wateja wako wa kushona. Viatu namlaani usiku na mchana, lakini huo uongo wa mhuri hakunifundisha yeye.

Nenda kwa mwenye nyumba leo, kabla hujamaliza hata chai. Mwambie umeghairi. Kama ameshampata mpangaji mwingine, mwambie asimpe funguo kwanza, nakuja kumpigia magoti mwenyewe. Jumatatu Viatu atawapokea wateja wake peke yake. Mimi nitakuwa kwenye basi.

Nisalimie shemeji, na kama atataka kunipiga, anisubiri nile kwanza. Mpwa wangu wa kike, aliyenichorea kitanda chake chini ya dirisha, usimwambie habari za bosi. Mwambie aliyedanganya ni mjomba.

Mdogo wako asiyeziba mdomo,
Kasuku