Bamba la Geti la Bi Mwajabu

Jumapili, 6 Julai 2025

Leo nimejifanya bingwa huko Kunduchi. Nimemfungia Bi Mwajabu, mama yake Naima ninayetaka kumuoa, bamba jipya la chuma getini, pale penye komeo. Nimelipaka kauri ya kuzuia kutu karakanani kwetu Temeke, tunakopaka vipuri vya pampu — utando mwembamba kuliko unywele, ukachomwa kwenye tanuri. Nikalikwaruza kwa msumari mbele yake. Halikuchubuka! Nikaongeza kwamba chumvi ya bahari itapiga hodi hapo mpaka ichoke. Wala hakuna aliyeniuliza.

Akasema, "Tutaona, mwanangu. Likishika kutu, nitajua na ahadi zako nyingine zikoje."

Posa inapelekwa tarehe ishirini na sita. Mdomo wangu huu!

Jumamosi, 19 Julai

Naima kapiga simu. Bamba lina kidonda cha kutu. Nikabisha. Akatuma picha. Nikaikuza: kutu kweli.

Kumbe kila mgeni pale huokota jiwe ndipo agonge geti, palepale penye bamba. Mtaa mzima! Hata mimi hugonga hivyo hivyo. Kauri ni ngumu, lakini ugumu wa sahani: kisu haikiogopi, idondoshe uone. Imebanduka kidogo tu, chumvi ikaingia. Nililijaribu kwa msumari — nani anabisha hodi kwa msumari? Nimeona aibu kweli.

Jumatano, 23 Julai

Nimekwenda kuomba bamba nikalipake upya. Bi Mwajabu kakataa, anataka alitazame vizuri kwanza. Nimemwachia Naima kengele ya umeme, waifunge getini. Mtaalamu wa kutu, nimeishia kugawa kengele.

Jumamosi, 26 Julai

Niko kwenye gari, pembeni ya duka. Mposaji haingii na washenga wake. Mjomba Salumu kabonyeza kengele. Kimya. Umeme umekatika — si ungeacha kukatika leo tu? Kaokota jiwe. Kagonga palepale.

Bi Mwajabu katoka. Hajawakaribisha. Anamwonyesha mjomba kile kidonda kwa kidole. Mjomba kavaa miwani.

Ujumbe wa Naima: "Mama anauliza, ukilipaka upya utakuwa unakuja kulitazama, au ukishafunga ndo basi?"

Nimeandika: kila mwezi. Nimefuta. Kila wiki. Nimefuta — utadhani natoa waranti ya pampu. Wazee wamesimama juani, na sasa Bi Mwajabu mwenyewe anatazama huku kwenye gari. Naacha kuandika, nashuka nikamjibu mwenyewe.