Mume Wangu Alipata Kura Moja, na Alhamisi Natakiwa Niape

Mpendwa Shangazi Nolia,

Naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, maana haya ninayokuandikia sijamwambia hata padri, na padri wetu nimemwambia mengi. Naitwa Earline, nina miaka sitini na mmoja, mume wangu ni Clovis Trahan, tumeoana miaka thelathini na minane na nusu ya miaka hiyo sikuwa naye, kwa sababu alifanya kazi kwenye mtambo wa mafuta baharini, wiki mbili huko, wiki mbili nyumbani, na zile mbili za nyumbani ya kwanza analala na ya pili anafungasha. Alistaafu Kwaresima iliyopita. Tukaanza kukaa barazani jioni, mimi na kahawa yangu na yeye na yake, hatuzungumzi lolote la maana, na mimi nikawa najiona nimeolewa upya.

Sasa kuna huo mfereji. Kila mvua kubwa ikinyesha mtaa wetu unajaa maji mpaka kipandio cha pili cha ngazi za nyumba, kwa kuwa mfereji wa kijiji umeziba siku nyingi, na Clovis alikwenda kwenye kikao cha madiwani mara tatu kulalamika, mara ya tatu wakamwambia kama anaona kazi yao rahisi basi agombee. Akagombea. Alizunguka nyumba kwa nyumba, na unawajua watu wa huku, hawawezi kumwambia mtu hapana akiwa amekaa mezani kwao anakunywa kahawa yao, kila mlango ni "tuko pamoja, Clovis, hiyo ihesabu imeshaingia," anarudi nyumbani tumbo limejaa kahawa, anaandika majina kwenye daftari, mpaka yakafika themanini. Hapo nikaanza kuogopa. Nilijua akiwa diwani kila mwenye choo kilichoziba atampigia simu yeye wakati wa chakula, na vikao vyao haviishi, na mimi jioni zangu nimezingoja tangu nikiwa msichana.

Kwa hiyo Jumamosi ya uchaguzi niliingia kituo cha zimamoto tunapopigia kura, nikavuta pazia la mashine, nikaona jina la Clovis na chini yake jina la Bibi Broussard aliye diwani wetu sasa, nikasema moyoni kura moja ikipungua kati ya themanini haitamuumiza mtu, nikabonyeza kitufe cha Bibi Broussard. Taa ya kijani ikawaka. Nikabonyeza kile kitufe kikubwa cha chini, taa zote zikazima, nikatoka mikono mitupu, maana mashine zetu hazikupi karatasi wala zenyewe hazibaki na karatasi ya kura yako, ukishabonyeza umebonyeza.

Walipofunga wakabandika mlangoni ule utepe wa jumla unaofanana na risiti ya dukani. Clovis akavaa miwani akausoma. Bibi Broussard themanini na sita. Trahan moja.

Moja, Shangazi, ile aliyojipigia mwenyewe. Tulipofika jikoni akaketi bila kuvua kofia, akaniuliza taratibu, "Earline, na yako?"

Nikamwambia, "Nilikupa wewe, mpenzi. Niliiona taa ikiwaka kwenye jina lako."

Nilidhani atanitazama machoni agundue. Hakunitazama hata kidogo, aliniamini palepale, akavua kofia akaiweka mezani na kusema, "Basi mashine imeila. Na kama imekula ya kwako, imekula na za wengine." Rangi ikamrudi usoni, akala sahani mbili za mchuzi wa gambo, na mimi nikamshukuru Mungu kwamba ule uongo ulinijia upesi.

Tangu siku hiyo zimepita wiki tatu na hatujakaa barazani hata jioni moja. Kesho yake baada ya misa alimweleza Wilmer, rafiki yake anayeuza soseji za wali kwenye kituo cha petroli, na Wilmer akaweka mkono kifuani akasema, "Hata mimi nilikupa, Clovis. Kwa kidole hiki." Kufikia Jumanne walikuwa watu wanne wanaosema hivyo. Mimi sijui kama wanasema kweli au wanaona aibu kama mimi, na kila mmoja wao akimkumbatia Clovis mimi namtazama sana usoni, na yeye ananitazama sana.

Akaenda kwa karani wa uchaguzi wa wilaya kuomba kura zihesabiwe tena. Yule mama akabonyeza kitufe, ukatoka utepe mwingine, themanini na sita kwa moja. Clovis akamwuliza, "Samahani mama, hiyo ni kuhesabu tena au ni kurudia?" Karani ni mtu mwadilifu, akasema, "Ni kurudia, Bwana Trahan. Sina kitu kingine cha kuhesabu."

Hayo maneno ndiyo yamewasha moto. Watu ambao hawakumwahidi Clovis chochote hata kwa kahawa wanatia sahihi ombi la mashine zenye karatasi, na Bibi Broussard mwenyewe ametia, amesema, "Nami ningependa kujua kama nilishinda." Alhamisi ijayo halmashauri ya wilaya inakuja kukaa ukumbini kwetu kusikiliza, wakili wa viapo atakuwepo, na Clovis ameniandikia kiapo changu kwa ule mwandiko wake mzuri, kwamba mimi Earline Trahan nilimpigia mume wangu kura na mashine haikuihesabu. Amekibandika kwa sumaku kwenye jokofu. Kila nikienda kuchukua maziwa nakiona.

Nikitia sahihi naapa uongo huku nimeinua mkono mbele za Mungu na majirani. Nikikataa ataelewa mara moja, na jambo lote la karatasi litaporomoka kwa ajili yangu, watamcheka, ataitwa mzee wa kura moja aliyenyimwa hata na mkewe. Sijawahi kumwona mume wangu akiwa na furaha na nguvu kama wiki hizi tatu, na yote imesimama juu ya uongo wangu. Nifanyeje, Shangazi? Nisaidie kabla ya Alhamisi.

Earline

*

Earline,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka nikavua miwani, na usinilaumu, siku moja utamsimulia mtu na wewe utacheka. Mara ya pili sikucheka, nilimwona huyo bwana na kofia yake jikoni.

Nikuondolee kwanza mzigo usio wako. Kura ilikuwa yako. Lile pazia halikuwekwa kwa ajili ya majirani peke yao, limewekwa hata kwa ajili ya waume, na Clovis hakuwa na haki ya kukuuliza "na yako?" hata kama roho ilikuwa inamuuma. Ungemjibu, "Hiyo ni siri yangu," mkala chakula yakaisha. Kwa kumnyima hukukosa. Ulikosa kwa kumdanganya, halafu ukakaa wiki tatu unamtazama akijenga juu ya uongo huo, unampakulia na gambo.

Na kuna jambo jingine, mwanangu, ambalo hukuniuliza. Katika barua nzima nimetafuta mahali ulipomwambia, "Clovis, usigombee, nakutaka nyumbani," sikupaona. Umeijaza karatasi kwa ajili yangu, mtu usiyemjua, na yeye anayelala ubavuni pako hukumwambia hata sentensi moja. Uliiachia mashine imwambie, na mashine haina kazi hiyo.

Kiapo usitie sahihi. Hapo sikubembelezi wala sijadiliani. Kuapa uongo ni kosa la kufikishwa mahakamani, na hata kama usingekamatwa, kesho yake jambo la watu wote lingekuwa limesimama juu ya mguu mbovu, na mguu huo ni wewe.

Unasema ukweli wako utaua habari ya karatasi. Hebu tulia ufikiri. Wewe unajua ulichobonyeza. Wilmer anajua alichobonyeza. Nani mwingine anajua? Inawezekana Wilmer ni mwongo mwenzako. Inawezekana pia ni mkweli, kura yake imepotea kweli, na hana namna ya kuaminiwa kwa sababu amezungukwa na watu kama wewe. Mimi sijui, wewe hujui, na karani amesema mwenyewe hana cha kuhesabu. Kungekuwa na karatasi themanini na saba ndani ya sanduku, watu wawili na meza moja wangemaliza ubishi huu asubuhi moja, bila kumuuliza mke wa mtu alimpa nani. Zikipatikana tano za Clovis, mashine ina kasoro. Ikipatikana moja, basi kijiji chenu kina aibu nyingi na kahawa nyingi, na Clovis atalijua hilo aliendee kwa akili yake timamu.

Kwa hiyo Alhamisi mume wako asisimame kusema mashine ilimwibia, kwa sababu hajui kama ilimwibia. Asimame aseme kwamba hajui, na kwamba hakuna mtu ukumbini anayeweza kumwonyesha. Maneno hayo hayahitaji kiapo chako, na hakuna wakili atakayeyapinga.

Sasa sikiliza namna ya kumwambia. Mwambie siku utakayopata barua hii, usingoje kesho yake. Mwambie kabla ya chakula, akiwa amekaa. Usianze kwa kulia, ukilia atakubembeleza na hatasikia neno. Sema, "Nilimpa Bibi Broussard. Nilikudanganya. Nilitaka ubaki nyumbani na sikuwa na ujasiri wa kukuambia." Kisha nyamaza, usijaze kimya kwa maelezo. Akitoka nje mwache atoke, huyu mtu ameondoka na kurudi maisha yake yote, njia ya nyumbani anaijua. Akirudi, kiapo kibandue jokofuni kwa mkono wako mwenyewe mbele yake. Ukumbini useme au usiseme, hilo aamue yeye, kwa maana aibu itakuwa yake kabla ya kuwa yako.

Na Wilmer usimguse. Usimwendee kumpeleleza, usimkonyeze kanisani. Ya kwako yanakutosha wiki hii.

Nolia

*

Wasomaji wangu, jibu hilo nililituma kwa posta bila kulichapa hapa gazetini, kwa sababu kijiji chenye mgombea wa kura moja ni kimoja tu na mngemjua mama huyu kabla hamjafika aya ya pili. Nachapa leo yote mawili kwa ruhusa ya mke na mume, majina yao na kila kitu. Earline ameniandikia tena, na haya ni maneno yake.

"Alikaa ndani ya pikapu saa nzima, Shangazi, bila kuiwasha. Aliporudi hakuuliza habari ya Bibi Broussard, aliuliza kwa nini sikusema. Nikamwambia kila aliporudi kutoka baharini niliogopa kuzimaliza siku zake kwa malalamiko, na nikazoea hivyo. Akasema naye huko baharini alikuwa akihesabu siku, ila alidhani mimi nimeshazoea kuishi bila yeye. Hapo ndipo nililia, na yeye pia.

"Alhamisi alisimama mwenyewe. Akawaambia kwamba mkewe hakumpa kura, ukumbi wote ukacheka, akawaacha wacheke mpaka wakachoka. Kisha akasema, 'Wiki tatu nimewaambia mashine ilikula kura ya mke wangu. Nilikuwa nimekosea. Na katika wiki tatu hizo hakuna mmoja kati yenu, wala karani, wala halmashauri, aliyeweza kunionyesha kwamba nimekosea. Ilibidi mke wangu aniambie. Ndivyo tutakavyohesabu uchaguzi, kwa kuwangoja wake za watu waungame?' Hakuna aliyecheka tena. Wilmer aliitwa, akainua mkono, akaapa bila kupepesa macho. Mwingine kati ya wale wanne alikwenda chooni na hakurudi.

"Halmashauri ilipitisha bila hata mmoja kupinga, serikali ya jimbo iombwe mashine zinazobaki na karatasi, na karani akasema barua ataipeleka yeye mwenyewe. Jibu bado, lakini wilaya mbili jirani nazo zimeanza kuomba. Bibi Broussard amemwita Clovis asimamie uzibuaji wa mfereji, asubuhi tu, jioni ni zangu.

"Anasema uchaguzi ujao atagombea tena. Safari hii nilimwambia waziwazi, usoni, kwamba sijaamua nitampa nani. Akasema, 'Sawa, Earline. Lakini ukininyima tena, ninyime kwenye karatasi.'"